Nikaambiwa Nipulize Balbu: Utani Usio na Mtani

Kila aliyesoma shule ya bweni hapa Kenya ana stori ya mono. Unaijua hata kama hukuishi bweni. Mono ni mwanafunzi mgeni wa sekondari, wiki yake ya kwanza shuleni. Anaambiwa apulize balbu mpaka izime kama mshumaa. Anaambiwa apige simu nyumbani kwa kiatu na ahakikishe mamake amesikia vizuri. Anapewa njiti ya kiberiti apime urefu wa bweni. Anaingizwa uvunguni mwa kitanda aendeshe lori hadi Mombasa, honi na gia zote kwa mdomo. Tunacheka. Stori hii husimuliwa kwenye matatu, kwenye harusi, kwenye vikundi vya WhatsApp vya waliosoma pamoja, na siku hizi kwenye video fupi za TikTok ambapo msee mmoja anaigiza mono na kiranja wote wawili kwa kubadilisha kofia tu.

Nataka tuisome stori hii kama tunavyosoma kazi nyingine yoyote ya fasihi. Darasani tulifundishwa tanzu za fasihi simulizi tukazikariri kwa ajili ya mtihani: ngano, vitendawili, soga, miviga, malumbano ya utani. Stori ya mono haikuwemo kwenye silabasi, ilhali nadhani ndiyo hadithi simulizi iliyosimuliwa zaidi na kizazi chetu. Ina fomula yake ya kuanzia, ina wahusika bapa, ina tukio linalorudiwarudiwa, na ina mahali palepale pa kuchekea. Kitu chenye umbo thabiti hivyo kinastahili mhakiki. Tena kinamhitaji, kwa sababu kila Januari, au mwezi wowote ule wizara itakaoamua kuanza muhula, kuna watoto wanaoingia ndani ya hadithi hii wakiwa na sanduku la bati mkononi.

Tuanze na sarufi. Mwalimu wa Kiswahili alituchosha na kauli za vitenzi: kutenda, kutendwa, kutendea, kutendewa. Sasa sikiliza stori ya mono kwa sikio hilo. "Nilipokewa getini, nikaambiwa nivue viatu, nikapelekwa bweni, nikanyang'anywa shopping, nikamwagiwa maji, nikaamshwa saa nane usiku, nikaambiwa niogelee kwenye simiti." Vitenzi saba hivi, na vyote viko katika kauli ya kutendwa au kutendewa. Hakuna mtendaji hata mmoja. Kiswahili kinaruhusu hilo vizuri kabisa; hakitulazimishi kuongeza "na fulani" baada ya kitenzi. Unaweza kusimulia usiku mzima wa mateso bila kumtaja mtu aliyeyafanya, na sentensi zako zikapita mtihani wa usahihi kwa alama zote.

Halafu stori hufika nusu ya pili, kwa sababu stori ya mono karibu kila mara ina nusu ya pili. "Tulipofika fom tuu, nasi tukawaonyesha." Hapa sarufi inageuka. Kauli ya kutendwa inaondoka, kauli ya kutenda inaingia. Lakini angalia nafsi: mimi nimepotea, tumekuwa sisi. Aliyeumizwa alikuwa mmoja, peke yake, gizani. Walioumiza ni wengi, kwa pamoja, hakuna anayeweza kutolewa kwenye kundi na kuulizwa swali. Ukizisikiliza stori ishirini za namna hii utashangaa: umekutana na waathiriwa ishirini na hujakutana na mnyanyasaji hata mmoja. Kwani waliofanya walienda wapi? Wako hapo hapo. Ndio hao hao wanaosimulia, ila kwenye nusu ya pili wamejificha ndani ya "tu-".

Kuna jambo la tatu, dogo, ambalo sitalipima kupita kiasi. Bwenini mono haitwi "huyu". Anaitwa "hii". Hii mono imetoka wapi? Leta hiyo mono hapa. Najua Sheng huzungumza hivyo kuhusu vitu vingi, watu wakiwemo, na si kila "hii" ni tusi. Lakini katika stori hii upatanisho huo haubadiliki mpaka mtoto apande darasa. Mwaka unaofuata anakuwa "huyu", na pale ndipo anapoambiwa kwamba amekuwa mtu.

Tena kuna suala la nani amebaki kusimulia. Stori ya mono husimuliwa na aliyevuka. Aliyehamishwa shule muhula wa kwanza hana stori, ana pengo ambalo akiulizwa analijibu kwa sentensi moja: "Ile shule haikunifaa." Aliyeacha shule kabisa hayumo kwenye kikundi cha WhatsApp. Kwa hivyo tunaposema "kila mtu alipitia na hakuna aliyekufa", tunahesabu waliopo mezani tu. Fasihi ya manusura huwa na tatizo hili kila mahali: kicheko chake ni cha kweli, lakini ni kicheko cha wale ambao mlango uliwafungukia.

Aprili, shule zilipofungwa, niliisikia stori hii Idsowe. Kwa asiyepajua, Idsowe ni kijiji cha upande wa Garsen, kaunti ya Tana River, karibu na mto wenyewe. Ni nchi ya maembe, mahindi na mpunga kwa Wapokomo wanaolima, na ya malisho kwa Waorma na Wawardei wanaofuga. Mto huu hutoa na huchukua. Mvua za mwisho wa 2023 na zile za 2024 zilihamisha maelfu ya watu katika kaunti hii, na aliyewahi kubeba vitu vya nyumba kichwani huku maji yakimfika kiunoni huwa na hesabu yake ya thamani ya kila chombo.

Jioni hiyo vijana walikuwa wamerudi kutoka shule za mbali, kila mmoja na kaunti yake, wamekaa chini ya mwembe. Mmoja wao, wa kidato cha pili, ana kipaji cha kusimulia. Alitupeleka balbu, akatupeleka simu ya kiatu, tukacheka sote. Kisha akafika kwenye godoro. Usiku wa kwanza aliambiwa alibebe kichwani azunguke nalo uwanja, na aliporudi likapokewa na wenyewe, yeye akalala juu ya vyuma vya kitanda, blanketi limekunjwa mara mbili, kwa wiki tatu. Alionyesha kwa mikono jinsi vyuma vilivyomchora mgongo kama mkate uliochomwa kwenye wavu. Vijana wakaangua kicheko.

Shangazi yake alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Hakucheka.

"Lile godoro la Garsen?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa liko wapi?"

Kijana akatabasamu. "Shangazi, hiyo ni stori ya zamani."

"Mimi nilitoa pesa za maembe ya msimu mzima. Dalali alinipa bei ya kutupa, nikakubali kwa sababu wewe ulitakiwa uripoti Jumatatu. Naomba kujua tu. Aliyelichukua ni mwana wa nani?"

Kimya. Si kwamba alikataa kujibu. Stori yake haikuwa na mahali pa kuliweka jibu. Ilikuwa na godoro, lakini godoro kama kifaa cha jukwaani, linaloingia ili lichekeshe kisha lifichwe nyuma ya pazia. Shangazi alilirudisha likiwa kitu kilichonunuliwa dukani, kikafungwa kamba kwenye bodaboda, kikapandishwa basi. Na alipouliza "mwana wa nani", aliuliza swali la kawaida kabisa la kijijini, kwa sababu Idsowe hakuna mtendaji asiye na mzazi. Mbuzi akila mahindi ya mtu, watu hutaka kujua ni mbuzi wa nani. Sembuse godoro.

Katika uhakiki tunasema msomaji mzuri ni yule anayeuliza maandishi swali ambalo maandishi hayakujiandaa nalo. Nimesoma tahakiki ndefu za maprofesa ambazo hazikufanya kazi hiyo vizuri kama alivyoifanya mama yule na gunzi mkononi.

Sasa, kuna atakayesema: hizo ni sekondari, watoto hao, chuoni watu wazima hawawezi. Basi twende Dar es Salaam.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kilikuwa na mwandishi maarufu asiye na jina. Aliitwa Mzee Punch. Hakuwa mtu mmoja. Alikuwa mhusika wa kubuni, nyuma yake wakiwa wanafunzi waliojificha, na kazi zake zilitoka kwenye kuta: michoro, kejeli, habari za nani kafanya nini na nani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa taasisi kamili. Wapo waliompenda, na si bila sababu. Katika nchi ya chama kimoja, ukuta uliomcheka mkubwa ulikuwa pumzi. Mtu akitaka kuandika historia ya tashtiti katika Afrika Mashariki hawezi kumruka.

Lakini tashtiti hupimwa kwa kuangalia inamwelekea nani, na ukuta wa Punch uligeukia wasichana. Hasa wa mwaka wa kwanza, hasa waliomkataa mvulana fulani, hasa waliotembea kana kwamba chuo ni chao pia. Msichana aliandikwa, akachorwa, mwili wake na maisha yake yakawekwa pale ambapo kila mtu anapita kwenda kula. Na kulikuwa na kanuni moja iliyoufanya ukuta uwe zaidi ya ukuta: aliyeandikwa na Punch alitengwa, na yeyote aliyeonekana naye, aliyemsalimu au kukaa naye, aliweza kuandikwa pia.

Tafakari kanuni hiyo kama mbinu ya kifasihi. Mwandishi wa kawaida anaandika, msomaji anasoma, basi. Punch alimwajiri msomaji. Kila aliyesoma bango akanyamaza, akabadilisha njia ili asikutane na msichana yule, alikuwa ameshamalizia sentensi ambayo Punch aliianza. Kejeli ya mtu mmoja au watatu ikawa kimya cha chuo kizima. Ndiyo maana siamini anaposema mtu kwamba yeye alikuwa mtazamaji tu. Katika utanzu huu mtazamaji ana sehemu yake kwenye mswada.

Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa ameandamwa na kudhalilishwa hivyo, alijiua. Jina lake limo kwenye vitabu vya watafiti na magazeti ya wakati ule, na atakayelihitaji atalipata. Hapa siliandiki, kwa kuwa kilichomwumiza kilianza kwa jina lake kuandikwa na watu wengine, mahali ambapo hakuomba kuandikwa.

Kilichofuata kinatufaa kama somo. Wanawake ndani na nje ya chuo, wakiwemo waandishi wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, walikataa kifo kile kisomwe kama udhaifu wa msichana mmoja. Walikiita kwa jina lake: unyanyasaji wa kijinsia. Punch akapigwa marufuku. Harakati za wanawake za miaka ile zilikuwa sehemu ya njia ndefu iliyofika 1998, Bunge la Tanzania lilipopitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana. Sisemi sheria ilimaliza kazi. Nasema kwamba kabla ya sheria kulikuwa na watu waliobadilisha utanzu: walichukua kitu kilichokuwa kikisomwa kama kichekesho wakakisoma kama mashtaka.

Watetezi wa Punch, kama watetezi wa stori ya mono, wana neno lao moja la kinga: utani. Ulikuwa utani tu. Kwani siku hizi hamjui utani?

Twende basi kwenye utani, maana neno hili ni letu na lina kanuni zake. Utani wa kweli, ule wa makabila watani, wa babu na mjukuu, wa mashemeji, una mambo matatu. La kwanza, mtani anajulikana. Ana uso, ana ukoo, na anatukana mchana. La pili, utani unarudi. Ninayemtania ana haki kamili ya kunitania, leo hii, mbele ya watu wale wale, na nikikasirika mimi ndiye mshamba. La tatu, na ndilo kubwa, utani una deni. Mtani ndiye anayekuja msibani akachekesha waliofiwa, na huyo huyo anashika jembe, anachota maji, anahudumia. Anayekucheka ndiye atakayekuzika. Bila deni hilo, mzaha wake haungevumilika hata siku moja.

Weka bweni kwenye mizani hiyo. Mtendaji hana uso, ana tochi. Mono hawezi kurudisha. Ajaribu kumwambia mtu wa kidato cha nne apulize balbu uone. Na deni? Mono akiugua malaria Alhamisi, wale waliomwamsha saa nane hawaonekani kumpeleka kwa nesi. Kwa hivyo si utani. Darasani tuliandika insha kuhusu malumbano ya utani na sifa zake, tukapata alama, kisha jioni tukaenda bwenini tukaliita utani jambo lisilo na sifa hata moja kati ya zile tulizoorodhesha saa nne asubuhi.

Kinga ya pili ni jando. Wanasema: kila jamii ina miviga, kijana lazima apitishwe mahali pagumu ili awe mtu mzima, na bweni ndilo jando la mjini. Hoja hii ina uzito zaidi, nami siidharau. Wala sitaipamba jando. Kumbini kulikuwa na maneno makali, kulikuwa na fimbo, na si kila lililofanyika kule linapaswa kurudi.

Lakini tazama umbo lake. Jando lina kungwi, na kungwi ni mtu mzima aliyechaguliwa, ambaye wazazi wanamjua kwa jina. Mwari akipata madhara, ukoo unajua pa kuuliza. Jando lina siku ya kuanza na siku ya kutoka, na siku ya kutoka ni sherehe: nguo mpya, ngoma, chakula, mtoto anarudishwa kwa wazazi akiwa amepewa kitu, elimu ya namna fulani, siri za jamii, nafasi mpya. Bwenini kungwi ana miaka kumi na saba na alikuwa mono juzi. Wazazi hawajui, na mtoto ameambiwa akisema atakiona. Hakuna siku ya kutoka. Kuna siku ya kupanda cheo tu, ambapo anachopewa si elimu bali zamu. Miviga humwingiza mtu katika jamii. Hili linamwingiza katika foleni ya kulipiza.

Na foleni hiyo hairudi nyuma kila mara kwa kicheko. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne waliteketezwa kwa moto usiku chumbani mwao, na waliofanya hivyo walikuwa wanafunzi wenzao. Sitaki kutumia vifo vyao kuthibitisha kila kitu. Vinathibitisha jambo moja: shule inapowaachia vijana mamlaka ya usiku juu ya vijana wenzao, haimlindi mono, na haimlindi kiranja pia.

Shule zenyewe hujibu vipi? Mapema 2017 madai ya kuteswa kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza yalitokea Alliance, pale Kikuyu, shule iliyoanzishwa 1926 na iliyotoa mawaziri, majaji na waandishi. Maafisa wa wizara ya elimu walikwenda kuchunguza, wanafunzi kadhaa wakasimamishwa, na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Soma mlolongo huo kama hadithi: kuna ripoti, kuna adhabu, kuna kuondoka. Hamna ukurasa unaomrudia mono. Alilala wapi wiki iliyofuata? Nani alimuuliza alichotaka kifanyike? Tumezoea kuufunga mjadala kwa kichwa cha habari kuhusu mkubwa aliyeanguka, kana kwamba hadithi ilikuwa yake.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa, na kifungu cha 29 kinakataza mateso na kutendewa kwa njia ya kudhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kimwili au kuteswa kiakili. Kwingineko wamekwenda hatua zaidi, na hatua mbili zinafaa kutazamwa. Ufaransa, tangu 1998, imeufanya udhalilishaji wa wanafunzi wapya kuwa kosa la jinai hata kama aliyetendewa alikubali. Hapo panagusa kabisa kinga yetu ya tatu, ile ya "lakini mono mwenyewe alikuwa anacheka". Bila shaka alikuwa anacheka. Wewe ungezungukwa na watu kumi usiku ungefanya nini? Marekani nayo, Desemba 2024, baada ya miaka mingi ya vifo kwenye vyama vya wanafunzi, ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vihesabu matukio haya na kuyaweka hadharani. Yaani chuo kinalazimishwa kutoka kauli ya kutendwa kwenda kauli ya kutenda: kundi hili, siku hii, lilifanya hivi.

Nikirudi kwenye mambo ya hapa, naona kinga yenyewe si ngumu kuielewa, ingawa inahitaji watu wazima wakubali kulala kidogo. Saa nane usiku nani yuko bwenini mwenye umri wa zaidi ya miaka ishirini? Wiki za kwanza, wanafunzi wageni wanalala wapi, na ufunguo uko kwa nani? Sanduku la malalamiko likiwepo, je, anayelifungua ni kiranja? Mtoto akisema, anahamishwa yeye au anahamishwa aliyemtesa? Mzazi akiambiwa kwenye simu "niko sawa" kwa sauti isiyo sawa, ana namba ya nani zaidi ya mwalimu mkuu? Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure kutoka popote Kenya, na ingefaa iandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku la bati kabla ya jina la mwenye sanduku.

Na mtoto akishasema, maneno ya kwanza anayoyasikia yana uzito kuliko ripoti yoyote. "Ulifanya nini mpaka wakakufanyia hivyo?" ni swali linalomrudisha bwenini. "Nakuamini, na si kosa lako" linamtoa.

Kuhusu aliyetenda, sina hamu ya kumwona kila kijana wa kidato cha tatu akifukuzwa shule na kutupwa barabarani. Huyo naye ana shangazi. Panapostahili polisi, waitwe polisi. Kuna mambo yanayofanywa mabwenini ambayo ni uhalifu, na kuyaita nidhamu mbaya ni kuyaficha. Lakini kwa mengine yote ningependa tuanze pale alipoanza yule mama wa Idsowe: godoro lirudi. Aliyelichukua alipeleke mwenyewe, mchana, mbele ya mwalimu na mzazi wake, kwa mkono wake, kwa jina lake. Kijana aliyelirudisha godoro hivyo hataweza kulisimulia tena kwa "tu-".

Kwetu sisi wa fasihi kazi ipo pia, na hatuwezi kuisukumia wizara. Tumelea utanzu huu kwa mapenzi. Tahidi High ilipokuwa ikionyeshwa Citizen TV, watukutu ndio tuliowapenda na kuwaiga Jumatatu. Vichekesho vya mtandaoni vinampa kiranja mistari mizuri yote na mono macho ya kutoa tu. Riwaya na hadithi zetu za Kiswahili zimeandika ufisadi, ndoa za mapema, ukabila na umaskini kwa ujasiri, lakini bweni la saa nane usiku tumeliachia wachekeshaji.

Sisemi tuache kucheka. Kicheko kimewavusha wengi, na ni ukatili mwingine kumnyang'anya mtu njia yake ya kukumbuka. Stori nzuri ya mono bado inaweza kuchekesha. Nataka tu iwe na watu wote waliokuwepo. Iwe na yule aliyekuwa kitanda cha juu akajifanya amelala, maana huyo ndiye wengi wetu tungekuwa, na hajawahi kupewa sura yake. Iwe na mwalimu wa zamu aliyesikia kelele akaongeza sauti ya redio. Iwe na mzazi aliyeuza maembe. Iwe na mtesaji mwenye hofu zake, aliyekuwa akisubiri mwaka mzima zamu yake ifike, na ilipofika akagundua haimpi alichokuwa akikitafuta. Hiyo ni riwaya, jamani. Imekaa hapo inasubiri mtu.

Hatua ya kwanza ni ndogo sana na haihitaji mchapishaji. Wikendi hii, kwenye kikundi chenu cha waliosoma pamoja, kuna mtu ataianza. Nikaambiwa nipulize balbu. Mwache amalize, cheka pale unapocheka siku zote, kisha muulize kilichobaki kwenye sentensi. Uliambiwa na nani? Si lazima atoe jina la kwenye kitambulisho. Mhusika wa kubuni anatosha, bora awe mmoja, awe na mikono, na awe mwana wa mtu. Na ikiwa jibu ni wewe, bado lina nafasi yake baada ya kitenzi.